Kliniki ya Kila Jumanne ya Nne

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, doti mbili za kanga na hotuba saba, na katika hotuba zote saba hakuna aliyesema kazi yangu ilikuwa nini hasa. Mmoja aliniita mama yetu wa kompyuta. Mwingine alisema nilikuwa nguzo ya idara, sifa ambayo kila anayestaafu hupewa, hata yule mlinzi wetu aliyesinzia zamu zote. Sikukasirika. Ila nilipofika nyumbani Mabatini nikavua viatu, niliona kwamba nisipoandika mwenyewe mtabaki mnadhani nilikuwa nachapa barua.

Basi naandika, kwa ajili yenu mnaoanza. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nilifanya kazi ya takwimu za wagonjwa katika hospitali moja hapa Mwanza. Watu wawili wana ugonjwa mmoja, huyu anapewa dawa hii na yule anapewa ile. Baada ya mwaka nani ana nafuu, na nafuu hiyo ilidumu muda gani? Watu wawili hawatoshi kulijibu swali hilo, inabidi wawe wengi, na wakishakuwa wengi wanaanza kukuchanganya. Kuchanganywa huko ndiko nilikokupenda tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Niliingia kazini nikiwa binti wa fundi cherehani, nina cheti kipya, mwandiko mzuri, na kujiamini kulikozidi hivyo vyote. Chumba cha takwimu kilipakana na chumba cha kufulia mashuka, kwa hiyo kuta zilikuwa na joto na mafaili yalinuka sabuni. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Magesa, mtu wa Majita, mwembamba, asiyependa salamu ndefu. Penseli yake aliifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza kwa sababu madaktari walikuwa wanaazima na hawarudishi. Alinisukumia rundo la mafaili ya wagonjwa wa kifua kikuu.

"Binti, hawa wangapi wamepona?"

Kufikia adhuhuri nilikuwa na jibu, nimelipigia mstari kwa rula. Aliangalia karatasi yangu, kisha akaangalia mafaili niliyoyapanga pembeni.

"Na hawa?"

"Hao mafaili yao yanaishia katikati, mzee. Waliacha kuja. Nimewaweka kando."

"Kando wapi? Huko kando wako hai au wamekufa?"

Nikasema sijui. Akasema hilo ndilo jibu la kwanza la maana nililompa tangu asubuhi.

Wiki ile alinifundisha jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote ya kazi. Mgonjwa aliyekuja miezi minane kisha akatoweka, mwisho wake huujui, lakini ile miezi minane unaijua. "Amekupa miezi minane," Magesa alisema. "Usimnyang'anye, na usimwongezee." Akachukua karatasi ya miraba akachora mstari unaoanzia juu kushoto, wagonjwa wote wakiwa salama. Kila mmoja anapopatwa na lile jambo tunaloliogopa, mstari unashuka daraja moja. Aliyetoweka haushushi mstari. Anawekewa alama ndogo siku aliyoonekana mara ya mwisho, na kuanzia hapo hahesabiwi tena. Tiba mbili ni mistari miwili. Unaangalia upi unashuka haraka, na unashuka lini. Tuliuita mstari wa ngazi, na mpaka leo jina lake la vitabuni nikilisikia naona kama anatajwa mtu mwingine.

Kompyuta ilipokuja, kazi ya wiki mbili ikawa ya dakika mbili. Magesa aliitazama ikichora mistari kwa rangi, akauliza kama inaweza kuchora na makosa pia. Nilicheka sana. Alistaafu muda mfupi baadaye, na swali lake nilikuja kulijibu mwenyewe baada ya miaka mingi, tena kwa mkono wangu.

Ilikuwa miaka yangu ya mwishomwisho kazini. Nguzo za daraja zilikuwa zimeshasimama majini, lakini sisi bado tulipanga foleni ya kivuko pale Kigongo ili tuvuke kwenda Busisi. Ng'ambo, mbele zaidi ufukweni, kulikuwa na zahanati ndogo ambako hospitali yetu iliendesha kliniki ya kifafa kwa watu wa kambi za uvuvi. Kifafa popote ni taabu, lakini kando ya maji ni taabu mara mbili, maana anayeanguka anaweza kuangukia ziwani au kwenye moto wa kukaushia samaki. Kliniki ilikuwa kila Jumanne ya nne. Msitafute sababu ya kitabibu. Jumanne tatu nyingine gari lilikuwa la idara nyingine.

Mwenye kliniki alikuwa Dokta Rwegasira, Mhaya mpole lakini mwenye haraka. Muuguzi alikuwa Sista Suzana, mzaliwa wa hukohuko ufukweni. Mimi niliitwa kwa sababu kulikuja dawa mpya. Dawa ya zamani ilizuia kuanguka, ila iliwalevya watu usingizi hadi wengine wakashindwa kazi. Hii mpya ilisemekana hailevyi. Dokta alitaka kujua kama itazuia kuanguka sawasawa na ya zamani, na kwa muda gani. Vidonge vilitosha baadhi ya watu tu, wakaanzishwa wote siku moja. Nikafungua jedwali lenye safu mbili: siku ya kuanza dawa, na siku ya kuanguka mara ya kwanza baada ya hapo. Nilijiona nimefanya jambo safi kabisa.

Siku hiyo ya kuanza, mabenchi yalijaa mpaka watu wakakaa chini kandokando ya ukuta. Ndipo nilipoongea na Kabula, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, kazi yake kuanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki. Mumewe alikuwa machimboni Geita, anapiga simu akikumbuka. Dawa ya zamani ilikuwa imemlevya kiasi kwamba siku moja alisinzia mchana kweupe, na binti yake Milembe, wa miaka miwili, akatembea mwenyewe hadi kwenye maji. Watu walimuwahi. Mama mkwe wake akatoka Bujora, akamchukua mtoto.

"Amesema nikikaa miezi sita sijaanguka na silali ovyo, atanirudishia mwanangu," Kabula aliniambia. "Andika vizuri, mama. Leo ndiyo siku ya kwanza."

Nikaandika vizuri. Kuandika vizuri sikuwahi kushindwa.

Miezi minne mstari wa dawa mpya ulikwenda bapa, haukushuka hata daraja moja. Ule wa dawa ya zamani, ambao watu wake walianza kwa nyakati tofautitofauti, ulikuwa unashuka polepole kama tulivyozoea. Dokta alianza kupiga mluzi ofisini. Kisha mwezi wa tano na wa sita mstari wa dawa mpya ukaporomoka. Watu walianguka mmoja baada ya mwingine, jamaa zao wakampigia simu Sista Suzana, na Kabula alikuwa miongoni mwao, akiwa amebakiza wiki chache. Sijawahi kuona mstari wa namna ile, na nilipaswa kuushangaa kuliko nilivyoushangaa. Badala yake niliuchapa kwa rangi, nikaupeleka.

"Mwili umeizoea," Dokta Rwegasira alisema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Dawa nyingine ziko hivyo. Tuwarudishe kwenye ile ya zamani kabla mtu hajazama."

Akamwandikia mkurugenzi barua ya kuiondoa dawa mpya kule ufukweni, akaambatisha karatasi yangu. Safari iliyofuata ilikuwa ya kwenda kuwatangazia wagonjwa.

Siku hiyo kivuko kilichelewa. Tukiwa tunasubiri Kigongo, Sista Suzana alinunua sato wa kuchoma, akanikatia kipande. Nikaanza kula.

"Leo unakula, dada Zai," alisema. "Safari mbili za mwanzo ulininyima hata kunywa chai na mimi. Nikadhani chakula cha barabarani unakidharau."

"Nilikuwa nimefunga. Huwa nafunga siku nyeupe, tarehe kumi na tatu mpaka kumi na tano za mwezi mwandamo, mbalamwezi inapokuwa kamili."

"Na sasa umeacha?"

"Sijaacha. Siku hizo haziangukii tena kwenye Jumanne yetu."

Nilisema hivyo nikatoa mwiba mdomoni. Mbona haziangukii tena? Wiki nne ni siku ishirini na nane. Mwezi wa angani huchukua siku ishirini na tisa na nusu hivi. Kwa hiyo kila safari, Jumanne yetu ilikuwa imerudi nyuma siku moja na nusu kwenye kalenda ya mwezi. Tulianza mbalamwezi ikiwa imejaa. Baada ya safari tano au sita tulikuwa tunakwenda mwezi ukiwa bado mchanga. Ilikuwa hesabu ya shule ya msingi, na ilinifurahisha tu, kama kitu cha kuchezea kwenye foleni, mpaka nilipomuuliza Suzana kama kule kambini kuna mtu anayejali mwezi.

Aliacha kutafuna. "Dagaa wanavuliwa kwenye giza, dada. Taa zinawavuta kukiwa hakuna mbalamwezi. Siku za giza mwaloni hakuna anayetoka. Asubuhi mitumbwi inarudi imejaa, kinamama wananunua, wanaanika, wanageuza mpaka jioni. Mbalamwezi ikija kambi inapumzika. Ndiyo wanafua, wanasukana, wanakuja kliniki."

"Mbona hujawahi kusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Na wewe umezaliwa Mwanza, nikajua unajua."

Nimekula dagaa tangu nimeota meno, na sikuwahi kujiuliza wanavuliwa lini. Hilo nawaandikia kwa aibu.

Tulipofika zahanati mabenchi yalikuwa karibu matupu. Nikaomba rejista ya Suzana, daftari kubwa la jalada la bluu ambalo sikuwahi kulifungua kwa sababu halikuwa langu. Ndani yake kila mgonjwa ana vema kwa kila kliniki aliyohudhuria. Kwa watu wa kambini vema zilijaa kliniki za mwanzo, kisha zikapotea, wa dawa mpya na wa dawa ya zamani sawasawa. Hapo nikakwama. Kama wote waliacha kuja, mbona wa dawa ya zamani hawakuanguka kwa mkupuo?

"Ile ya zamani inakuja kwenye kopo la vidonge elfu," Suzana alisema, akipunguza sauti. "Huwa nawaongezea kidogo, vya dharura. Hii mpya iko kwenye pakiti, ishirini na nane kamili. Sina cha kuongeza."

Nikamwomba Dokta asitangaze chochote mpaka nirudi. Alidhani nimeugua. Nikapanda pikipiki hadi mwaloni.

Dagaa walikuwa wametandazwa juu ya nyavu kuukuu mchangani, eneo kubwa, na Kabula alikuwa akiwageuza kwa fagio. Aliponiona alijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hukuja kliniki leo."

"Nimeshanunua hawa. Nikiwaacha wanaoza."

"Na ile iliyopita?"

"Hivyohivyo."

"Vidonge ulimeza vipi?"

Aliangalia pembeni. "Nilivigawa. Leo nameza, kesho naacha. Mwisho nikawa naacha siku mbili."

"Kwa nini hukumwambia sista?"

"Mngesema sifuati masharti, mngenipokonya." Akarudi kugeuza dagaa, mgongo kwangu. "Na sasa nasikia mnaiondoa. Wewe ndiye uliyeandika kwamba dawa imeshindwa?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Haikushindwa," alisema. "Iliisha."

Nilisimama pale juani nikaona haya ambayo sijawahi kuiona kazini, hata siku niliyomwaga chai kwenye rejista ya vifo. Nilikuwa na siku yake ya kuanza na siku yake ya kuanguka. Siku zote za katikati, ambazo alikuwa anagawa vidonge vyake kwa kukadiria na kuomba Mungu, mimi sikuwa nazo, na sikuwa nimegundua kwamba sina. Nilimwahidi nitarekebisha. Aliniitikia kwa heshima, kama mtu anayeitikia ahadi za wagombea.

Wiki mbili zilizofuata nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwanzoni. Nilikaa na rejista ya Suzana, nikawauliza wagonjwa mmoja mmoja, kisha kila mgonjwa nikazikata siku zake vipande: hizi alikuwa na vidonge, hizi hakuwa navyo, hizi alivigawa. Mtu mmoja anaweza kuwa upande huu mwezi wa kwanza, akahamia upande ule mwezi wa tano, akarudi tena. Ni kazi ya kuchosha macho. Mkiambiwa kuna njia ya mkato, mwulizeni anayewaambia amefikia wapi nayo. Nilipomaliza, watu wa dawa mpya karibu wote walikuwa wameanguka kwenye siku ambazo vidonge vimekwisha au vinagawanywa. Siku walizomeza ipasavyo, mstari ulibaki karibu bapa.

Nikampelekea Dokta Rwegasira. Suzana nilimwomba aje, maana daftari lilikuwa lake.

"Zainabu," Dokta alisema baada ya kunisikiliza, "unataka nimwandikie mkurugenzi kwamba tatizo ni mwezi?"

"Mwezi na mimi, daktari. Mwezi hauna kosa sana."

Nampa haki yake: hakugomba, aliuliza. Aliuliza vizuri kuliko mimi nilivyojiuliza. Alitaka kujua kwa nini wa dawa ya zamani hawakuporomoka pamoja na wenzao, nami nikamtazama Suzana.

"Niliwaongezea vidonge," Suzana alisema.

"Kwa idhini ya nani?"

"Kopo lilikuwa limejaa, daktari."

Dokta alijifunika uso kwa karatasi yangu, na nadhani alikuwa anacheka. Kisha akauliza lile swali nililoliogopa. "Kwa hiyo dawa mpya ni bora?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Nilimtaka Kabula apate dawa yake, na ndiyo moja ingetosha. Lakini watu walikuwa wachache, hatukuwagawanya kwa kura nani apate dawa ipi, na mstari wangu mpya ulikuwa mstari wa pili wa mtu aliyekosea wa kwanza. Nikamwambia sijui. Nilichojua ni kwamba hatuwezi kuihukumu dawa kwa siku ambazo haikuwa tumboni mwa mtu. Alichukua kalamu, akaandika barua ya kufuta barua.

Dawa ikabaki. Pakiti zikaanza kutolewa pamoja na za akiba, na kliniki ikahamishwa iwe inafuata mbalamwezi. Mpanga magari aliniuliza kama siku hizi hospitali inaongozwa na msikiti. Nikamwambia inaongozwa na dagaa.

Hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha kwa kanuni zote za ofisi. Lakini Kabula alimwomba Suzana, na Suzana akaniomba mimi. Mama mkwe alishasikia kwamba ameanguka, na alishasema mtoto haendi popote. Je, tungeweza kwenda Bujora kumweleza? Sijawahi kupeleka takwimu kwa mama mkwe wa mtu. Nikaenda.

Mama Limi, ndivyo alivyoitwa, alikuwa anapepeta choroko uani. Milembe alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo karibu naye, ananyonya kidole, anatuchunguza.

"Mwangaluka, mayu," Suzana alimsalimu Kisukuma, na wakasalimiana kwa muda mrefu kuhusu watu nisiowajua. Mimi nikasema shikamoo, nikaitikiwa, nikapewa kigoda.

Nilimweleza kila kitu, nikianza na kosa langu. Nikatoa karatasi yenye mstari wa Kabula peke yake, niliouchora kwa mkono. Mama Limi aliweka ungo chini, akaishika karatasi kwa mbali kidogo, kama afanyavyo mtu ambaye macho yake yamechoka.

"Hapa pakiwa bapa maana yake nini?"

"Hajaanguka."

"Nani alimwona?"

"Alitueleza mwenyewe, kliniki."

"Kwa hiyo wewe hukumwona."

"Sikumwona, mama."

Akanirudishia karatasi. Hakuwa na hasira. "Huyu mtoto alitolewa majini," alisema. "Sitaki kuelezwa. Kabula aje akae hapa kwangu na dawa yake. Giza lipite na mbalamwezi ipite, mara mbili. Nitamwangalia mwenyewe."

Nikaona nimwambie ukweli, ingawa Suzana alinikanyaga mguu. Nikamwambia hata dawa nzuri haizuii kila kitu, na mtu anaweza kuanguka mara moja hata anapomeza kila siku. Alisema amesikia, akachukua ungo wake.

Kabula alikwenda. Aliacha sehemu yake mwaloni, akijua atakuta imechukuliwa, akahamia Bujora. Miezi ile miwili nilifanya kazi nyingine, na sikumbuki hata moja. Nilichokuwa nakihesabu kichwani ni kitu ambacho hakuna kompyuta ya kukihesabu: mtu mmoja, siku sitini hivi, na akianguka mara moja tu amempoteza mwanawe. Maisha yangu yote nimekataa kusema lolote kuhusu mtu mmoja. Watu wengi huwa nawaelewa. Mtu mmoja huniogopesha.

Tuliporudi Bujora, Kabula alikuwa uani anamwogesha Milembe kwenye beseni. Alitusalimu bila kututazama usoni, na nikajua.

"Ameanguka," Mama Limi alisema kabla hatujauliza. "Alikuwa na homa. Akaanguka hapo mlangoni, nikamgeuza ubavu kama sista alivyonionyesha, nikasubiri mpaka akazinduka."

Suzana akainamisha kichwa. Nikaanza kueleza kwamba homa huweza kuleta hivyo kwa yeyote mwenye kifafa, lakini Mama Limi alininyooshea mkono ninyamaze.

"Kwenye karatasi yako angeandikwaje?"

"Ameanguka, na tarehe."

"Halafu?"

"Halafu basi, mama. Sisi tunahesabu mpaka mtu anapoanguka mara ya kwanza. Akishaanguka, hatumhesabu tena."

"Mimi niliendelea," alisema. "Kesho yake aliamka, akamwogesha mtoto, akamlisha. Na keshokutwa. Usingizi wa ovyo sikuuona. Alianguka siku moja. Siku nyingine zote alikuwa macho, na mtoto alikuwa mikononi mwake."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo za Milembe, akauweka karibu na beseni. Nguo zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa, na kandambili za mtoto zimewekwa juu. Alikuwa amezipanga kabla hatujafika.